Nusu Yangu ya Barabara

Nyumba ya wageni, nyuma ya stendi
4 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, isipokuwa makalio, ambayo tangu asubuhi hayajui kama bado ni yangu. Baba yako pia hajambo. Yuko uani anasugua matope kwenye mnyororo, na hiyo ndiyo nafasi yangu ya kuandika.

Utashangaa kupata barua wakati dunia nzima inapigiana simu. Simu tumebaki na moja, na inakaa mfukoni mwa baba yako. Kumsema mtu kwa simu yake mwenyewe si adabu. Na wewe huko kwenye zahanati yako mpaka upande juu ya tangi la maji ndipo mtandao ukukubali. Kwa hiyo tuandikiane. Hii nampa konda wa basi la alfajiri, itakufika mapema. Na wewe ukijibu mpe konda, nitaulizia kwenye ofisi za vifurushi kila mji tutakaolala.

Baba yako mkubwa alisema atakueleza yaliyotokea, lakini namjua, akieleza jambo hulitoa kichwa akaacha mkia. Basi pokea kutoka kwangu. Mimi na baba yako tumeachana. Wazee walikaa nasi Jumapili wakagawa vitu: kabati kwake, cherehani kwangu, vyombo vya kutengenezea mizani kwake, sufuria kwangu. Ilipofika pikipiki wakakwama. Tuliinunua pamoja. Mimi sikutaka abaki nayo, yeye hakutaka nibaki nayo, na kuiuza hakuna aliyekubali. Baba yako mkubwa akasema, "Mpeni mtoto, kila siku anawafuata wajawazito kwa miguu." Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Hongera, kunguru wangu.

Ubishi ukahamia kwenye nani ailete. Nilisema akiondoka nayo peke yake ataiuza njiani kama alivyouza kiwanja. Yeye akasema nikiondoka nayo peke yangu wataiokota mtaroni. Wazee wakachoka. Wakaamua twende wote wawili, kutoka mwisho huu wa nchi mpaka mwisho huo uliko wewe. Yeye aendeshe nusu ya kwanza, mpaka kwa mama yako mdogo. Mimi niendeshe nusu ya pili, mpaka mlangoni kwako. Tukishafika, kila mtu apande basi lake.

Usiniandikie habari za kusameheana. Sababu unaijua. Kile kiwanja cha ubavuni mwa soko, nilichokuwa nangoja kujenga duka la vitambaa, nilikwenda siku moja nikakuta watu wanachimba msingi. Nikamwuliza baba yako. Akaniambia, macho makavu, "Nilikuambia nakiuza, na ulikubali." Mtu akikuchukulia kitu chako, inauma. Akikuambia kwamba ulimshikia taa wakati anachukua, hapo ndipo unapofunga mizigo.

Wako,
Mama


Zahanati
8 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barabara inawatendea vizuri. Huku sisi wazima. Surua imepungua, ila dirisha la chumba cha chanjo halifungi, tukichanja mtoto mmoja stendi nzima inajua.

Barua yako nimeipata nikiwa na sindano mkononi. Nimeisoma mara mbili, nikaenda kukaa nyuma ya jengo. Pikipiki siitaki, mama. Miguu ninayo. Nitaipokea kwa sababu nikikataa mtaanza tena kugombana, lakini ujue kwamba siitaki kwa bei hiyo.

Baba alinipigia kabla hamjaondoka. Aliniapia kwamba alikuambia habari za kiwanja. Na wewe unaapa hakukuambia. Mimi nawajua wote wawili. Baba yangu hajawahi kumpunja mtu hata nusu kilo. Mwenye duka akimwomba alegeze springi ya mizani kidogo, anafunga sanduku lake anaondoka. Na wewe hujawahi kusahau neno. Matusi ya jirani wa mwaka niliozaliwa bado unayo, na sauti aliyoyatolea. Sasa mmoja wenu ananidanganya na mimi nimeambiwa nichague ni yupi. Sichagui. Naumwa kichwa tu.

Msalimie baba. Mwambie asiendeshe kwa njaa.

Mwanao


Kwa mama yako mdogo
12 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Hapa wote wazima, mama yako mdogo anakusalimu na anauliza utaolewa lini. Nimemwambia aniangalie mimi kwanza, kisha aulize tena.

Nusu ya baba yako imeisha. Imechukua siku nyingi kuliko tulivyopanga kwa sababu ya kazi. Kila soko tunalopita kuna mtu anapaza sauti, "Fundi wa mizani na mkewe hao!" Huwezi kumwambia mwenye bucha kwamba umeachana na fundi, tafadhali asubiri. Tunashuka. Baba yako anafungua sanduku, mimi napanga mawe ya kupimia. Anaponyoosha mkono namwekea bisibisi, na huwa ndiyo aliyoitaka. Anaweka jiwe kwenye sahani, anarudi nyuma hatua moja, anangoja mshale uache kutetemeka, ndipo anasoma. Mwenye bucha mmoja alituambia ndoa yetu ni ya mfano. Tulimshukuru. Kazi tunaiweza, ni nyumba iliyotushinda.

Barabarani hakuna cha kusimulia. Naona mgongo. Miaka yote hii, soko hata soko, nimeona mgongo wa baba yako kuliko nilivyoona uso wake. Mshono wa bega la koti lake naujua, niliushona mimi. Mara nyingine helmeti yake inatikisika hivi na hivi. Nadhani huwa anaimba.

Kuhusu kuchagua, hakuna aliyekuambia uchague. Mimi najua nilichosikia na nisichosikia. Kesho nashika usukani. Mama yako mdogo ameniuliza kama naogopa. Nimemwambia nilijifunza mwaka ule baba yako alipolazwa na malaria, nikapeleka mizani za watu peke yangu, na hakuna hata moja iliyodondoka.

Mama yako


Kituo cha mafuta
16 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tuko salama. Hiyo "sisi" usiishikilie sana, ni salamu tu.

Naendesha. Siku ya kwanza nilikwenda polepole hata mtu wa baiskeli aliyebeba magodoro akatupita akatupungia mkono. Baba yako huko nyuma hajui mikono yake aiweke wapi. Mara ashike chuma cha mizigo, mara mabega yangu, mara aachie kabisa. Mtu aliyezoea usukani ukimweka nyuma anakuwa kama gunia lililofungwa vibaya. Nilicheka peke yangu. Upepo wa mbele nilikuwa siujui, mwanangu. Unapiga kifua chote.

Sasa sikiliza la leo. Tulifika njia panda. Kushoto ni njia ya vumbi ya kwenda kwa shangazi yako, ambako baba yako alikuwa amepanga tule chakula cha mchana. Kulia ni lami. Nikaona mawingu mazito upande wa kushoto. Nikamwambia, "Fundi, kwa dada yako kuna mvua, tutanasa kwenye tope. Tupite lami, kwake tutakwenda siku nyingine. Sawa?" Akanyamaza. Nikajua amekubali. Nikakata kulia.

Tulipofika hapa kituoni alishuka amevimba uso.

"Dada yangu umemwacha wapi?"

"Si nimekuambia tupite lami?"

"Umeniambia saa ngapi?"

"Pale njia panda. Nikakuuliza sawa, ukanyamaza."

"Mke wangu, hukuniambia kitu."

"Nimekuambia! Naapa mbele ya huyu kaka wa pampu, nimekuambia kwa mdomo wangu huu, na ulikubali!"

Kaka wa pampu aliacha kujaza mafuta akawa anatusikiliza kama redio. Mimi nilikuwa nimenyoosha kidole. Kikabaki hewani, kwa sababu nilijisikia nikisema maneno yale yale ya baba yako ya kiwanja.

Baba yako alivua helmeti. Akaitazama ndani, akaniuliza taratibu, "Ulisema kwa sauti?"

"Ya kawaida."

"Mimi nilisikia upepo."

Tukasimama pale. Gari likatupigia honi tukasogea. Kisha akasema, "Kiwanja nilikuambia tukitoka mnadani, pale reli inapokata barabara. Nikakuambia kuna mtu anakitaka, tukipata hiyo fedha tutaezeka nyumba upya kabla ya mvua. Nikakuuliza unaonaje. Ukanyamaza."

Kumbe ile helmeti ilipokuwa ikitikisika, baba yako hakuwa anaimba.

Nimekaa kwenye benchi la kituo naandika, soda yangu imekuwa ya moto. Miaka miwili nimemwita mwongo mbele ya wazee na mbele ya ndugu zake. Naye ameniita mwongo mbele ya wangu. Na hakuna aliyedanganya. Sijui nifanye nini na jambo hili, nimeona tu nikuambie wewe kwanza, maana ulisema unaumwa kichwa.

Shangazi yako tumempigia kumwomba radhi. Amekata simu.

Mama yako


Zahanati
18 Juni

Mama! Mama yangu!

Shikamoo mara kumi. Hamjambo? Mimi sijambo kuliko watu wote wa nchi hii.

Nimeisoma barua mbele ya foleni ya kliniki nikapiga kelele, na wajawazito wote wakapiga vigelegele bila kujua kwa nini. Nimewaambia wazazi wangu wamepatana. Mmoja amesema mtoto wake akizaliwa wa kike atampa jina langu.

Hakuna mwongo, mama! Nyote wawili ni wale wale niliowajua. Nimepanda tangini papo hapo nikampigia baba mkubwa. Amecheka mpaka akakohoa. Anasema wazee watakaa tena, kabati na cherehani virudi nyumba moja, na hiyo kesi ifutwe. Njooni mnione, mpumzike, kisha mrudi na pikipiki yenu. Nimeshawaambia hapa kazini kwamba siihitaji.

Mwambie baba nampenda. Umwambie mkiwa mmesimama!

Mwanao mwenye furaha


Zahanati
22 Juni

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Nimemwuliza konda jana na leo, anarudi mikono mitupu, anasema huko mbele mto umejaa. Namba ya baba haipatikani. Kama kuna lililotokea, niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao


Nyumba ya wageni ya mtoni
24 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Tu wazima, usihangaike. Daraja limefungwa, mabasi yamelala kila upande. Barua zako mbili zimevushwa kwa mtumbwi pamoja na magazeti, zimenifikia mkononi kwa mpigo.

Kwanza, nani alikutuma tangini? Mdomo wako una mbio kuliko pikipiki. Nilikuandikia wewe, sikuandikia ukoo.

Sasa tulia usome, na usisome mbele ya wajawazito.

Hapa hakuna cha kufanya ila kukaa barazani na kutazama mvua. Tukaanza kuulizana. Nikamwambia, haya, yataje mengine uliyoniambia njiani nikanyamaza. Naye kumbukumbu anayo, usimwone vile. Akayataja, na kila mahali tulipokuwa. Shule yako ya bweni aliniambia kwenye mteremko wa machimbo ya kokoto. Nilinyamaza, ukapelekwa ukiwa na miaka minane. Mimi nilidhani ameamua peke yake, nikameza uchungu. Yeye alidhani nimekubali kisha namnunia bure. Kuhama mjini, vilevile. Kumwachisha kazi yule binti aliyenisaidia nyumbani, vilevile.

Kisha akamtaja bibi yako. Unakumbuka habari ya ugonjwa wa mama yangu ilitukuta sokoni, tuna kazi za watu hazijaisha. Baba yako anasema njiani aliniuliza: tuunganishe twende leo, au tumalize mizani za watu twende Jumapili? Nikanyamaza. Tukaenda Jumapili. Tulichokikuta unakijua.

Mwanangu, siku ile nilikuwa nyuma yake nasema twende leo. Nilisema njia nzima, mdomo wangu kwenye mgongo wake. Twende leo, twende leo. Hakugeuka, nikaona hajali. Na mimi mtu akishanionyesha hajali, simwulizi mara ya pili.

Nilipomwambia hivyo barazani, baba yako alishika kichwa akalia. Mimi sikulia. Niliingia chumbani kwangu nikalala mchana kutwa.

Unafurahi kwamba hakuna mwongo, na una haki. Jina hilo nimemwondolea, nimemwambia uso kwa uso, na baba yako mkubwa nitamwambia pia. Lakini kuna jambo linanizungukia kichwani na halitoki. Mizani ya mwenye bucha, baba yako haisomi mpaka mshale utulie. Anangoja. Hata mteja akimharakisha anangoja. Pikipiki ina breki mbili, na hakuwahi kugusa hata moja ili asikie ninasemaje. Nikinyamaza, kwake ni ndiyo. Nami simwiti mbaya, maana nilishika usukani siku chache tu nikamfanyia dada yake hivyo hivyo. Ni rahisi mno ukiwa mbele. Nasema tu kwamba nimechoka, na kuchoka kwangu hakukuondoka na ule uongo.

Usipande tangini.

Mama yako


Zahanati
26 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika. Nimeisomea chumbani kwangu, mlango nimefunga.

Kumbe bweni nilipelekwa na upepo. Mwaka wa kwanza wote nililala kitanda cha juu nikidhani mmenichoka wote wawili. Nilijitahidi kutokuwa msumbufu wakati wa likizo ili msinirudishe mapema. Sikuwahi kuwaambia. Na mimi nina ya kwangu ya kunyamazia, naona ni ugonjwa wa nyumbani kwetu.

Nimempigia baba mkubwa tena, mara moja tu, kumwambia awaache wazee kwanza. Amenuna.

Nina ombi. Nimeliandika nikafuta, nikaliandika tena. Baba hajawahi kukuuliza kitu ukajibu naye akasikia. Hata mara moja, kwa jambo kubwa. Mwache akuulize. Pikipiki izimwe, helmeti zivuliwe. Kuuliza si ujinga, mwambie nimesema mimi. Ukimjibu ndiyo, nitacheza barabarani. Ukimjibu hapana, nitaumia, mama, siwezi kusema uongo, lakini nitanyamaza na sitamtafuta mzee yeyote. Nataka tu liwe jibu lako.

Mwanao


Mji wa mwisho kabla yako
30 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Hatujambo. Maji yamepungua, tumevuka juzi na magari yote, matope mpaka kwenye ekseli. Barabara ya huku ni nzuri. Sijui kwa nini ulikuwa ukilalamika.

Ombi lako sikumsomea baba yako. Sikutaka aulize kwa kutumwa. Nilikaa nalo mfukoni nikajisemea, kama limo ndani yake litatoka, kama halimo basi.

Leo asubuhi tulikuwa tumeacha mji nyuma. Akanigonga bega. Nikadhani mzigo umelegea, nikasimama pembeni. Akasema, "Zima." Nikazima. Mahali penyewe hapakuwa na kitu, uzio wa shamba na bango la kutangaza saruji. Akashuka, akaja mbele, akavua helmeti yake, akangoja nivue yangu. Ilinasa kwenye kilemba na hakunisaidia, alingoja tu.

Akaniambia, "Nilikuwa sijui kwamba hunisikii. Hilo ni langu, ningesimama ningejua. Sasa nakuuliza. Tukishamwona mtoto, turudi nyumbani pamoja?"

Nilimwambia hapana.

Nilimwambia kwa sauti ya kawaida, namtazama. Nikamwambia si kwa ajili ya kiwanja, kiwanja kimekwisha. Wala si kumlipiza kwa ajili ya mama yangu, kwa sababu siku ile yeye aliuliza na mimi nilijibu, na hakuna wa kulaumiwa. Nikamwambia nampenda. Nakuambia na wewe ili usije ukasikia vingine. Lakini nimekuwa nyuma ya mtu tangu nina umri wako, na hizi siku chache za mbele zimenionyesha kwamba ninajua njia. Nitapanga chumba karibu na mama yako mdogo, niweke cherehani dirishani. Akitaka kuja kunywa chai aje, tutaongea. Kurudi, hapana.

Wakati namaliza lori lilipita, kubwa, la mchanga. Angeweza kusingizia lori. Nilimwona anafikiria. Akangoja mpaka likaenda kabisa, vumbi likatua.

Akasema, "Nimekusikia."

Akavaa helmeti akapanda nyuma. Nikawasha. Nimelia kuanzia pale mpaka hapa, na hakuna aliyejua, nawe umekuwa wa kwanza.

Tutafika kesho mchana. Pikipiki ina mnyororo mpya, tairi la nyuma ulibadilishe kabla mvua haijarudi. Mimi nitachelewa kidogo kuingia, nitasingizia kufungua mizigo. Baba yako atatangulia. Usimwulize lolote. Mpe maji, mpe kiti, kisha keti mbele yake, umwache aseme.

Mama yako